Programu za kuandaa data za ramani na hataza: yanayosemwa Dodoma na sheria inavyosema

Tangu Serikali ihamie Dodoma, kazi ya ardhi hapa haijapumzika. Viwanja vinapimwa, mitaa inarasimishwa, ndege nyuki zinapita juu ya mashamba ya zabibu kule Hombolo, na vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Dodoma wanaandika programu za kusafisha data hizo kabla hazijafika kwenye ramani. Hatua hiyo ya kusafisha ndiyo inayokula muda kuliko kuchora ramani yenyewe, kwa hiyo anayeifupisha ana kitu cha thamani mkononi. Ni haki yake kuuliza kama hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, inaweza kumlinda. Kinachoniuma ni majibu anayopewa. Mmoja anakatishwa tamaa na kuuacha uvumbuzi wa kweli bila ulinzi, mwingine anamalizia akiba yake kwenye ombi ambalo halikuwa na njia tangu mwanzo.

"Programu haipewi hataza, achana nayo."

Hili ndilo linalosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko yote. Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987, inaueleza uvumbuzi kuwa ni suluhisho la tatizo mahususi katika nyanja ya teknolojia. Kisha inataja mambo yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi, miongoni mwake ugunduzi, nadharia za sayansi na za hisabati, mipango na kanuni za kufanya biashara, shughuli za akili tupu, na kuwasilisha taarifa tu. Isome orodha hiyo huku programu yako ikiwa mbele yako. Utaona kwamba swali la maana si kama kitu chako ni programu. Swali ni kama kinatatua tatizo la kiteknolojia, au ni fomula na mpango wa biashara uliopakiwa kwenye kompyuta.

Ulaya wamelisema jambo hili kwa uwazi zaidi. Mkataba wao wa hataza unazitaja programu za kompyuta na mbinu za hisabati kuwa si uvumbuzi, halafu unaongeza kwamba katazo hilo linahusu vitu hivyo vikiwa peke yake. Mwaka 1986, katika shauri la Vicom, bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikubali njia ya kuchakata picha za kidijitali ingawa moyo wake ulikuwa hesabu, kwa sababu hesabu ile ilitumika kufanyia kazi picha halisi iliyohifadhiwa kama ishara za umeme. Kwa anayenyoosha picha za setilaiti au za ndege nyuki, shauri hilo ni la kulijua. Marekani nao, mwaka 1981, Mahakama ya Juu ilikubali mtambo wa kuivisha mpira ambao kompyuta yake ilirudia kupiga hesabu ya joto mfululizo na kufungua kalibu wakati uliofaa.

Maamuzi hayo hayaifungi Tanzania. Lakini soko la programu za ramani halina mpaka, na anayetaka kulindwa Ulaya au Marekani atapimwa kwa vipimo vya huko.

"Taja kompyuta, setilaiti na GPS, ombi litapita."

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua tatizo ambalo kila mpima ardhi wa Dodoma analijua. Mfumo wa UTM wa koodinati, yaani namba za kuonyesha mahali, umeigawa dunia katika kanda, na mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni mstari wa nyuzi 36 Mashariki, unaopita mashariki kidogo ya jiji letu. Jiji, Bahi na Manyoni viko kanda ya 36, Kongwa na Mpwapwa viko ya 37. Bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, iliyosimama karibu kabisa na mstari huo itasomeka takriban mita 832,000 upande wa mashariki ukitumia kanda ya 36, na takriban 168,000 ukitumia ya 37. Ni bikoni ileile. Faili likija bila kuandikwa kanda, kijiji kizima kinaweza kuhamia zaidi ya kilomita 660 kutoka kilipo. Hapo bado hujagusa suala la datamu, yaani umbo la dunia ambalo vipimo vinaanzia: ramani za zamani zilitumia datamu ya Arc 1960, wakati vipokezi vya GPS vinatumia WGS84. Ukichanganya hizo mbili bila kubadilisha, kiwanja kinasogea takriban mita 300, na hati inaweza kutoka ikiwa juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Sasa kijana anaandika programu inayosoma faili, inakisia kanda na datamu, inabadilisha koodinati zote ziwe za mfumo mmoja na kuhifadhi. Ni kazi nzuri na inaokoa watu ugomvi wa mipaka. Lakini kwa macho ya mkaguzi wa hataza, alichofanya ni kuchukua namba, kuzipitisha kwenye fomula zilizochapishwa zamani, na kutoa namba nyingine. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Benson, ilikataa njia ya kubadilisha namba kutoka mfumo mmoja wa kidijitali kwenda mwingine, kwa hoja kwamba hataza ya namna hiyo ingemilikisha hesabu yenyewe. Mwaka 2014, katika shauri la Alice, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba wazo la kufikirika haligeuki kuwa uvumbuzi kwa kuambiwa tu litekelezwe na kompyuta ya kawaida. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya huko ilitumia hoja ya jamaa hiyo dhidi ya kampuni ya Digitech, ambao njia yao ilikuwa kuunganisha seti mbili za data kupata seti ya tatu. Kwa mtu wa ramani, hukumu ya Digitech ndiyo yenye onyo kali kuliko zote, maana kuunganisha seti za data ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Kuna upande wa pili, na kuutaja GPS si kosa ikiwa kweli GPS inafanya kazi ndani ya uvumbuzi. Mwaka 2010, katika shauri la SiRF, mahakama hiyo ya rufaa iliikubalia kampuni ya Global Locate, iliyokuwa ikipingwa na SiRF, njia ya kukokotoa mahali kipokezi kilipo, kwa kuwa bila kipokezi cha GPS njia ile isingewezekana. Mwaka 2017 iliwakubalia kampuni ya Thales mpangilio wa vihisi vya mwendo kwenye kofia ya rubani na kwenye chombo kinachosafiri. Hesabu ilikuwemo, ila kilichopunguza makosa ya kipimo ni jinsi vihisi vilivyowekwa na kusomwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kuitafuta katika kazi yako: je, kipimo chenyewe kimekuwa bora, au umepanga upya vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa?

"Basi kuandaa data hakuna ufundi wowote."

Wengine wakishasikia habari za Alice wanaruka upande wa pili. Nao wanakosea.

Fikiria ndege nyuki juu ya zabibu za Hombolo mchana wa upepo. Picha moja imechukuliwa jua likiwa wazi, inayofuata wingu limepita, na ndege yenyewe imeinama kwa kusukumwa. Ukiziunganisha hivyo zilivyo, mistari ya mizabibu inavunjika na rangi ya majani inadanganya, kiasi kwamba mmea wenye afya unaonekana mgonjwa. Mtu akibuni njia mpya ya kusoma kihisi cha mwanga na kihisi cha mwinamo kwa kila picha, na kurekebisha picha hiyo kwa vipimo hivyo kabla ya kuunganisha, ametatua tatizo la kifaa na picha. Ana hoja ya kusimama nayo Ulaya, na kwa maoni yangu anaweza kuitetea vizuri hapa nyumbani chini ya maneno "tatizo mahususi katika nyanja ya teknolojia". Bado atatakiwa kuonyesha kwamba njia ni mpya, ina hatua ya uvumbuzi ambayo fundi wa fani hiyo asingeiona mara moja, na inatumika katika shughuli za uzalishaji.

Njia nyingine inayosahaulika ni kuiboresha kompyuta yenyewe. Mwaka 2016, katika shauri la Enfish, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali muundo mpya wa jedwali la hifadhidata kwa sababu uliifanya kompyuta ihifadhi na kutafuta taarifa vizuri zaidi. Ofisi nyingi za upimaji mikoani zinafanya kazi kwa kompyuta za kawaida na intaneti isiyotabirika. Anayebuni namna mpya ya kukata na kupanga mamilioni ya nukta za vipimo ili kompyuta yenye kumbukumbu ndogo izimudu, amegusa mahali penye rutuba. Katika ombi lake aanze na kumbukumbu na kasi, si na ramani nzuri iliyotokea mwishoni.

Kwa wanaoiga mafuriko au msongamano wa magari, wasome uamuzi wa Bodi Kuu ya Rufaa ya Ulaya wa tarehe 10 Machi 2021, namba G 1/19, uliohusu uigaji wa mwendo wa watu ndani ya jengo. Uigaji unapimwa kwa vigezo vilevile vya programu nyingine, na usahihi wa matokeo yake peke yake hautoshi kuufanya uwe wa kiufundi.

"Nimesajili BRELA, nimeshalindwa."

BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara na leseni, inasajili majina ya biashara, kampuni, alama za biashara na hataza, na kwa kuwa mlango ni mmoja watu wanadhani ulinzi nao ni mmoja. Jina la biashara linakutambulisha tu, halikulindii njia ya kufanya kazi. Hakimiliki nayo ni kitu kingine: chini ya sheria ya mwaka 1999 programu inalindwa kama kazi ya maandishi tangu inapoandikwa. Inamzuia mtu kunakili msimbo wako, lakini haimzuii aliyeielewa njia yako kuandika msimbo wake mwenyewe unaofanya kazi ileile. Kwa ile programu ya kanda za UTM niliyoieleza, hakimiliki na huduma nzuri kwa wateja vinatosha kabisa, na ningemshauri mwenye nayo asitoe hata shilingi kwa ajili ya hataza.

"Hataza ni ya dunia nzima."

Haipo. Hataza ya Tanzania Bara haifiki hata Zanzibar, ambayo ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008. Kupitia Itifaki ya Harare ya ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la mali miliki, unaweza kuteua nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, na mkataba wa ushirikiano wa hataza, PCT, unakupa njia ya kuanzisha maombi katika nchi nyingi. Uamuzi wa kutoa hataza kwa njia ya PCT unabaki kwa ofisi za nchi au za kanda.

Na ukishaipata, hataza ni haki ya kuwazuia wengine. Haikupi kibali cha kurusha ndege nyuki, hicho kinatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala haikupi umiliki wa data za watu uliozichakata.

"Nitaionyesha kwanza, nitaomba baadaye."

Hili limewaumiza wengi, na wengi wao ni vijana wenye moyo wa kutaka kazi yao ionekane. Wanasimama kwenye maonyesho ya Nanenane Nzuguni wakieleza hatua kwa hatua, au wanaweka msimbo wote wazi mtandaoni, au wanachapisha tasnifu chuoni. Uvumbuzi uliokwisha kuanikwa hadharani unahatarisha upya wake. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kuuanika mwenyewe, lakini Ulaya kwa kawaida haimpi hata siku moja. Msimamizi wa tasnifu akikuhimiza uchapishe, mwambie mapema kwamba unafikiria hataza, ili mpange tarehe.

Kuonyesha kinachotokea pasipo kueleza njia kunapunguza hatari, na mazungumzo ya faragha na mwekezaji yatanguliwe na makubaliano ya kutunza siri yaliyosainiwa. Lililo salama zaidi ni kuwasilisha ombi kwanza. Chini ya Mkataba wa Paris, ambao Tanzania imo tangu mwaka 1963, ombi la kwanza linakupa miezi 12 ya kwenda kuomba katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe yako ya awali. Katika miezi hiyo unaweza kuonyesha, kuuza na kutafuta mtaji, mradi unachokionyesha kimeelezwa chote ndani ya ombi hilo. Ukiongeza kipengele kipya baada ya kuomba, kipengele hicho hakibebwi na tarehe ya kwanza, nacho kiombewe kabla hakijatoka nje.