Jamii ya samaki: barabara inapopita baharini

Wataalamu wa bahari wanapotaja jamii ya samaki mahali fulani, hawazungumzii kilo zinazofika sokoni tu. Wanatazama kuna aina zipi, za umri gani, na kila aina ina wingi gani. Kwenye maji mafupi karibu na ufuo, wengi huwa bado wachanga. Tasi, changu na mkizi wadogo hukulia kwenye nyasi bahari na mizizi ya mikoko, kisha wakatoka kwenda kwenye kina. Kwa hiyo barabara iliyojengwa ufuoni inaweza kumpunguzia samaki mvuvi ategaye mbali nayo kabisa.

Lawama nyingi huenda kwa kifusi. Ni kweli, kifusi hufukia nyasi, na tope linalotimka huzuia mwanga na kukaba matamvua. Lakini tope hutulia ujenzi ukiisha. Kwangu mimi, lililo baya zaidi ni maji kuzibiwa njia, maana hilo hudumu muda wote tuta la barabara lipo.

Mfano tunao Mombasa. Kwa miongo mingi barabara ya kutoka kisiwani kwenda bara ilipita Makupa juu ya tuta, likaziba mawasiliano ya maji kati ya hori la Tudor na upande wa Port Reitz. Hata wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, maji yaliyoingia upande mmoja yalilazimika kurudi kwa njia ileile. Hori la namna hiyo halijisafishi vizuri, na hori la Makupa, la upande wa Port Reitz, lilipakana na jaa la Kibarani. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika humo yakaua mikoko, yaani malezi yenyewe ya samaki. Daraja la Makupa lililofunguliwa 2022 limejengwa kwa nguzo, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kuyarudishia maji njia.

Kuna jambo linalowachanganya watu: ukuta wa mawe wa barabara nao huvuta samaki. Chewa na wengine wapendao mapango huhamia, na mtu wa mshipi akasema samaki wameongezeka. Huenda kweli wameongezeka pale ukutani, ila si wale wa nyasi na mchanga waliokuwapo. Jamii imebadilika.

Mahali ambapo tuta haliepukiki, wajenzi huweka kalvati, yaani njia ya kupitishia maji chini ya barabara. Ikiwa nyembamba, maji hupita humo kwa kasi inayowashinda samaki wadogo, na ikikaa juu mno hubaki kavu maji yakipwa.