Utamaduni ni nini, na kwa nini haukai mahali pamoja?

"Huo si utamaduni wetu." Kauli hii utaisikia kwenye vikao vya harusi, kwenye mahubiri, bungeni, na chini ya karibu kila picha ya binti aliyevaa nguo fupi. Anayeitoa huamini kwamba kuna kitu kimoja kizima kilichorithiwa kutoka kwa mababu, na kwamba yeye anakijua. Ukimwomba akitaje, atakutajia ngoma, vyakula na mavazi. Basi tuanze na hayo mavazi, na tumwangalie mtu ambaye wengi wetu humtaja haraka tukiulizwa ni nani aliyeshika utamaduni wake: Mmasai.

Shuka lake jekundu la mirabaraba ni kitambaa cha kiwandani. Mababu zake walivaa ngozi za ndama, mbuzi na kondoo, zikalainishwa na kupakwa mafuta na udongo mwekundu. Nguo za pamba zilikuja na misafara ya biashara, kisha na maduka ya wakoloni, na ndani ya karne ya 20 zikaiondoa ngozi taratibu. Shanga nazo ni za kioo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilizibeba kwa mizigo hadi bara, nyingi zikiwa zimetengenezwa Ulaya, huko Venice na Bohemia. Katambuga miguuni ni tairi la gari lililokatwa. Hata loshoro, chakula kinachoandaliwa kwa fahari Arusha nzima, kina mahindi ndani, na mahindi asili yake ni bara la Amerika.

Je, Mmasai anatudanganya? Hapana. Sisi ndio tuliotafuta utamaduni mahali usipokaa.

Mwaka 1871 Mwingereza Edward Burnett Tylor aliueleza utamaduni kuwa ni jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na mazoea yote ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii. Wasomi wameibishia tafsiri hiyo tangu siku hiyo, lakini sehemu moja yake imesimama: utamaduni hupatikana kwa kuishi na watu. Haumo kwenye damu. Mtoto aliyezaliwa Longido, Umasaini, akalelewa Tandale, Dar es Salaam, atakuwa mtoto wa Tandale, kwa lugha, kwa utani, kwa namna ya kusalimia wakubwa na hata kwa vitu vinavyomtia kinyaa. Hakuna aliyemkalisha darasani kumfundisha hayo. Aliyaona, akayaiga, akakemewa alipokosea, mwisho akaona ndivyo dunia ilivyo.

Kwa hiyo kitu chenyewe, shuka au ushanga, ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni matumizi yake na maana ambayo watu wamekubaliana kukipa. Fundi wa kioo wa Venice hakujua chochote kuhusu ndoa za Kimasai wala rika, yaani kundi la waliovuka pamoja kuwa watu wazima. Wanawake wa Kimasai ndio waliopanga rangi zake, wakaamua pambo gani ni la mwanamke aliyeolewa, mtindo upi ni wa morani, kijana shujaa, wa rika hili na upi umepitwa na wakati kwa sababu ni wa rika lililotangulia. Ndiyo, hata huko kuna fasheni! Ushanga uliingia kama bidhaa ya wageni, ukageuzwa kuwa lugha ya wenyeji.

Hapo ndipo utaona mabadiliko yanavyokwenda kwa mwendo tofauti. Vitu hubadilika upesi. Maswali ambayo vitu hivyo vinajibu, kama vile nani ni mtu mzima, nani anamheshimu nani, mali ni ya nani, huchukua vizazi.

Tuchukue nywele. Kwa desturi, morani alifuga nywele ndefu, wenzake wakamsuka misokoto myembamba na kuipaka udongo mwekundu. Kwenye sherehe ya eunoto, anapovuka kutoka hatua ya morani mdogo, mama yake ndiye humnyoa. Nywele hizo zilikuwa tangazo kwa kila aliyemwona kwamba huyu yuko hatua gani ya maisha. Sasa pita masoko ya Dar es Salaam. Utawakuta vijana wawili watatu wa Kimasai, shuka mabegani na sime kiunoni, wamezunguka kiti kimoja cha plastiki, kila mmoja ana upande wake wa kichwa cha dada mmoja, wanasokota rasta nyembamba huku wakiongea Kimaa. Dada anaangalia simu. Wateja wanawapenda kwa sababu mkono wao ni mwepesi na mistari imenyooka. Ujuzi ni uleule wa porini. Umehama kutoka kichwa cha morani hadi kichwa cha mteja, na maana yake imegeuka kuwa kipato. Wapo wazee walioona kwamba mwanamume kumsuka mwanamke ni aibu. Vijana nao wana hoja yao: ng'ombe wamepungua, na fedha ya kichwani mwa mteja ndiyo inayonunua ng'ombe wengine. Angalia wanachogombania. Hakuna anayeuliza kama ng'ombe bado ni kipimo cha mtu. Hilo pande zote mbili zimekubaliana kimya kimya.

Chanzo cha mabadiliko si biashara peke yake. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa mifugo, iliwaangamiza ng'ombe, ikafuatana na ndui na njaa. Wamasai wenyewe huita kipindi hicho emutai, maangamizi. Watu wengi walikimbilia kwa majirani wakulima, wakaishi nao, wakaoana nao, wakala vyakula vyao. Wengi wetu hudhani utamaduni hubadilika kwa sababu watu wamevutiwa na kipya. Mara nyingi hubadilika kwa sababu cha zamani hakilishi tena.

Halafu kuna dola. Mwaka 1962 Tanganyika ilianzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na Nyerere alitangaza hilo akiwa na nia ya kurudisha hadhi iliyodharauliwa na wakoloni. Nia njema. Lakini miaka ya 1967 na 1968, katika nchi hiyohiyo, Wamasai walisukumwa waache lubega, lile shuka la kufunga begani, na udongo mwekundu wavae suruali na gauni, kwa kuwa mavazi yao yalionekana ni ya kishamba na yanaliaibisha taifa. Muda si mrefu, kuanzia Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ukaanza kuwasaka wasichana waliovaa sketi fupi na mawigi, na wavulana wenye suruali za kubana, kwa kuwa hayo yalikuwa ya kigeni. Mmasai alikosea kwa kuwa wa kienyeji mno, binti wa mjini akakosea kwa kuwa wa kizungu mno. Leo shuka lililokatazwa liko kwenye mabango ya utalii, na ufukweni Zanzibar wapo wanaolivaa bila kuwa Wamasai, kwa ajili ya mtalii tu. Mimi nikisikia "huo si utamaduni wetu" huuliza kwanza anayesema ni nani na anataka kumzuia nani.

Hii haina maana kwamba kila desturi ni sawa na nyingine. Ukeketaji ni utamaduni kwa kila tafsiri ya neno hilo, na bado ni madhara kwa mwili wa mtoto. Tanzania iliupiga marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998, Kenya ikapitisha sheria yake mahususi mwaka 2011. Sheria zilipobana, baadhi ya familia zilianza kuwakeketa wasichana wakiwa wadogo zaidi na kwa siri, bila ngoma wala wageni. Sherehe ilikufa, kisu kikabaki, kwa sababu swali lililo nyuma yake, msichana anakuwaje mke anayekubalika, halikuguswa. Baadhi ya juhudi zilizofanikiwa ni zile zilizoleta jibu jingine kwa swali hilohilo: sherehe za kuvuka rika bila kukata, zenye baraka za wazee na mama wenyewe.

Na rika? Kwa wanaume bado lipo, na linaendelea kupanga nani anakaa na nani, nani anamsikiliza nani. Ila kalenda yake imeanza kufuata ya wizara ya elimu. Tohara nyingi huwekwa wakati wa likizo ya Desemba, na kijana wa sekondari, ambaye shule haimruhusu kufuga nywele, hufika kwenye eunoto akiwa na nywele fupi. Mama yake humnyoa hivyohivyo.