"Daktari, nikatie ndogo zaidi"

Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu, basi nimeona niandike tu. Mtu anaingia, hata kiti hajakikalia vizuri, simu iko mkononi: "Daktari ona, areola ya kushoto imekuwa kama kisahani, aliyeninyanyua matiti alikata kubwa, wewe nikatie ndogo zaidi yaishe." (Areola ni lile duara la rangi nyeusi linalozunguka chuchu.) Ukifungua faili unakuta alikatiwa milimita 40 pande zote mbili, kwa ile ringi ya chuma tunayoigandamiza kwenye ngozi kama unakata biskuti ili duara litoke sawa. Leo nikiweka rula nasoma 56. Sasa hapo nani kakata kubwa? Imevutwa hiyo.

Ngoja nieleze maana hapa ndo watu wananichosha. Ukinyanyuliwa titi kwa mkato wa kuzunguka areola tu, bila kovu la kushuka chini, tunachora maduara 2, la ndani na la nje, ngozi ya katikati inatolewa halafu duara la nje linakusanywa lije likutane na la ndani. Fikiria kaptula ya kamba, kiuno kipana ukivuta kamba kinajikunja. Ngozi haipendi kukunjwa, inataka kurudi ilikotoka, na kitu laini kuliko vyote hapo katikati ni areola yako, kwa hiyo ndo inayotanuka. Mpasuaji mmoja wa Marekani, Scott Spear, alitoa kanuni rahisi: duara la nje lisizidi mara 2 ya la ndani, na ukubwa utakaobaki nao mwishoni ni kama wastani wa hayo mawili. Piga hesabu mwenyewe, nje 80, ndani 40, utaishia karibu na 60. Yaani siku ile ile unatoka thieta jibu lilikuwa tayari lipo kwenye ngozi, na kama juu yake umewekewa silikoni kubwa basi mzigo umeongezeka.

Sasa wewe unaniambia nikate 35. Nikikata 35 bila kugusa kinachovuta, nimekuongezea mvuto, utarudi mwakani areola pana na kovu nalo pana, na mimi ndo nitakuwa yule "aliyekata vibaya". Dawa yake ni kupunguza mvuto kwanza. Wengine nawaambia ukweli kwamba wanahitaji kovu la kushuka chini ili uzito ubebwe huko, wananuna, lakini ndo hivyo. Wengine silikoni ishuke saizi. Na kuzunguka areola naweka uzi usioyeyuka, ule wa kuyeyuka ukishaisha kamba ya kaptula imekatika. Uzi wa kudumu nao una kero zake, unaweza kuugusa kwa kidole, mara chache unaleta maambukizi tukautoa, na hata ukiwepo areola inaweza kutanuka kidogo. Marekebisho yenyewe mara nyingi ni kwa ganzi ya hapo hapo na unarudi nyumbani siku hiyo.

Halafu kuna wale wa wiki ya 3 baada ya operesheni. "Hazilingani!" Hazilingani ndio, zimevimba, na hazivimbi kwa mwendo mmoja. Mimi sigusi kabla ya miezi 6, na nikiona kovu bado jekundu au gumu nasubiri hadi mwaka. Kinachoniudhi zaidi ni vipimo vya bafuni, mtu katoka kuoga maji ya baridi, areola ina misuli midogo inayojikunja kwa baridi na ukiigusa pia, anapima anapata 36 na 44 analia usiku kucha. Ukitaka kupima, chumba kiwe na joto, mikono ishuke chini (ukiinyanyua inavuta), piga picha moja kwa mwezi, sehemu ile ile, mwanga ule ule. Usinitumie picha kila asubuhi tafadhali.

Zilingane kabisa? Hazikulingana hata kabla ya operesheni, ni vile hukuwahi kuziangalia kwa rula. Tofauti ya milimita 3 au 4 mimi sikupeleki thieta.

Krimu ya kupunguza areola haipo. Inayouzwa itakuunguza ngozi tu.

"Sitanyonyesha tena": kupunguza areola peke yake kunagusa ngozi ya juu, mirija chini ya chuchu tunaiacha. Operesheni kubwa ya kupunguza titi ni habari nyingine, hiyo uliza kabla. Na kama unapanga mimba karibuni subiri, maana mimba yenyewe itaitanua areola na kuitia weusi, tutakuwa tumefanya kazi ya bure.

Tatoo nayo sio ujanja wa kuficha makosa. Kovu jeupe likikaa kwenye ngozi nyeusi, au areola ikikatwa ndogo mno, rangi ndo suluhisho zuri kuliko kisu, kwa sababu ngozi ya areola hatuna duka la kuinunua. Inafifia kwa miaka, unarudia.

Na mwisho, chuchu iliyopandishwa juu mno. Watu wanadhani kuishusha ni rahisi kama kuipandisha, sio kweli, kuishusha kunaweza kuacha kovu juu yake pale nguo ya kifua wazi inapoishia, na ngozi ya kutosha mara nyingi haipo. Ndo maana siku ya kuchora alama nakusimamisha wima, hata ukilalamika miguu.