Je, wajua vyama vya dini Uingereza viliwezaje kuuza vitabu vya elimu kwa peni 6?

Mwaka 1845 Religious Tract Society ya London, iliyoanzishwa 1799 kusambaza vijitabu vya dini, ilianza kutoa kitabu kila mwezi: kurasa 192, peni 6, yaani nusu shilingi. Wakati huo riwaya mpya ya majuzuu matatu iliuzwa shilingi 31 na nusu. Katika vitabu hivyo vya peni 6 mlikuwa na historia, wanyama, hata sayari. Chama hakikuichukia sayansi. Kilichokikera ni sayansi isiyomtaja Mungu, na hiyo ilikuwa imekwisha kuuzwa rahisi mitaani. Penny Magazine, lililokwepa dini makusudi, lilitoka tangu 1832 kwa peni moja.

Siri ya bei, zaidi ya ushuru wa karatasi uliopunguzwa 1836, ilikuwa bamba, yaani ukurasa mzima wa herufi uliomiminwa kuwa kipande kimoja cha madini.

Mpangaji alipanga ukurasa kwa herufi za risasi, akazikaza ndani ya fremu ya chuma, akazipaka mafuta kidogo. Mafuta yakikosekana, jasi hung'ang'ania vitundu vya herufi na kalibu, yaani umbo la jasi la kumiminia madini, huvunjika. Jasi iliyokorogwa kama uji ilimiminwa juu, ikaganda, ikabanduliwa, ikakaushwa katika tanuri. Hapa haraka haikusaidia: kalibu yenye unyevu hutoa mvuke ndani ya madini ya moto, na bamba hutoka na malengelenge. Kisha ilizamishwa katika risasi iliyoyeyushwa pamoja na antimoni, inayoifanya iwe ngumu. Kipovu kimoja kwenye jasi kilizaa kinundu cha risasi, na «e» ikazibwa tumbo. Kila kalibu ilitumika mara moja tu. Baadaye ile ya karatasi iliyoloweshwa ilistahimili zaidi.

Faida yenyewe? Herufi zilirudi kupanga kitabu kingine, mabamba yakawekwa ghalani. Chama kiliweza kuchapa kwa mafungu, kusubiri wanunuzi, kisha kuchapa tena bila kulipa upangaji upya. Sheria ya elimu ya 1870 ilipoongeza shule, na shule za Jumapili zikataka vitabu vya zawadi, mtindo huu uliwafaa sana wachapishaji hao. (Chama kingine cha Kikristo kikongwe zaidi, SPCK, yaani Society for Promoting Christian Knowledge ya 1698, ndicho kilichochapisha matoleo ya baadaye ya kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Edward Steere, askofu wa Unguja.)

Ila bamba halisahihishiki kirahisi. Neno moja hukatwa kwa patasi na kuunganishwa jipya kwa lehemu. Aya nzima hudai bamba jipya. Kwa hiyo sayansi iliyopitwa na wakati iliweza kuendelea kuchapwa, mradi bamba lilikuwa zima.