Je, wajua kwa nini msuli hucheza wenyewe?

Jicho likicheza, zamani mtu wa Mbeya aliambiwa asubiri mgeni au kilio. Siku hizi anaambiwa, "Umepungukiwa madini wewe," na akipita sokoni Mwanjelwa anarudi na vidonge vya magnesiamu. Ushauri huo una chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza watu.

Ni kweli kalsiamu na magnesiamu hutuliza neva, na zikishuka sana kwenye damu neva husisimka ovyo. Lakini upungufu wa namna hiyo haujifichi kwenye kope moja. Kalsiamu ikishuka, midomo na ncha za vidole hufa ganzi na mikono hukakamaa. Magnesiamu ikishuka, huja uchovu, kichefuchefu, mikono kutetemeka, hata mapigo ya moyo kuvurugika. Tena kwa kawaida kuna chanzo: kuharisha kwa muda mrefu, pombe nyingi ya miaka, kisukari kisichodhibitiwa, dawa za kukojosha, au omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, inayomezwa mwezi baada ya mwezi. Mwili wa mtu mzima una gramu 25 hivi za magnesiamu, zaidi ya nusu ikiwa mifupani, na ikipungua figo huizuia isitoke na mkojo. Anayekula maharage, dona, mboga za majani na maparachichi ya Rungwe haishiwi kwa wiki moja. Sembe ni habari nyingine, kwa kuwa kukoboa huondoa sehemu kubwa ya madini hayo. Na kipimo cha damu nacho hakimalizi ubishi, maana damu hubeba chini ya asilimia 1 ya magnesiamu yote mwilini.

Basi msuli huchezaje? Fikiria shamba la chai Mufindi, kila mnyapara na kikundi chake cha wachumaji. Akipuliza filimbi, kikundi chake chote huinuka kwa pamoja, wengine wanaendelea kuchuma. Kila neva ya msuli ni mnyapara: kwenye shavu la mguu, neva moja huamuru nyuzi zaidi ya 1,000. Neva moja ikijipigia filimbi bila amri ya ubongo, nyuzi zake zote hujikunja mara moja. Unaona ngozi ikiruka, lakini mguu hausogei, kwa sababu shamba zima limetulia. Inapendeza kuitazama.

Kinachoisisimua neva hiyo mara nyingi ni usingizi haba, kazi nzito na wasiwasi. Chai na kahawa hutajwa pia, ingawa ushahidi wake ni mwembamba. Kuukodolea macho msuli siku nzima huongeza wasiwasi huohuo.

Wengi huogopa ugonjwa mkubwa wa neva, ule unaoua neva zinazoamuru misuli (ALS). Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha habari za watu 121 waliokuwa na misuli inayocheza bila dalili nyingine. Walifuatiliwa kati ya miaka 2 na 32, na hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo. Cha kukupeleka hospitali ni udhaifu: kikombe kinachoponyoka, mguu unaoburuta, msuli unaosinyaa, maneno kuwa mazito, chakula kukwama kooni.