Baiskeli ya umeme msituni si baiskeli tu

Mbeya mjini wapo wanaoamini kwamba baiskeli ya umeme, kwa kuwa haitoi moshi wala mngurumo, inaweza kupita kokote inakopita baiskeli ya kawaida. Imani hiyo imetazama kelele, ilhali kanuni hutazama mota. Katika misitu ya taifa ya Marekani, kanuni ya mwaka 2005 inakihesabu karibu kila chombo kinachojisukuma kwa mota kuwa chombo cha moto. Maelekezo ya mwaka 2022 yaliithibitishia baiskeli ya umeme hadhi hiyohiyo, hata ile ambayo mota yake husaidia tu mguu unapokanyaga pedali na kukata msaada kwenye kilomita 32 kwa saa. Inaruhusiwa tu kwenye barabara na njia zilizotengwa kwa vyombo vya moto au kwa baiskeli za umeme. Kwenye barabara za Umoja wa Ulaya, kwa upande mwingine, baiskeli yenye mota isiyozidi wati 250, inayosaidia pedali tu na kukoma kwenye kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa baiskeli ya kawaida.

Kanuni, basi, hutofautiana mahali na mahali. Kwa hiyo anayepanga kwenda Ngosi, ziwa la kreta lililo msituni karibu na Mbeya, ambako njia ni nyembamba na udongo wa volkano huteleza mvua ikinyesha, asitegemee ukimya wa mota. Amuulize kwanza mhifadhi wa Wakala wa Huduma za Misitu, kabla ya kupakia baiskeli garini.