"Mhusika wangu ndivyo alivyo": ugomvi katika meza ya mchezo

Kikundi chetu hukutana wakati wa mbalamwezi. Anayeishi karibu na ziwa hapa Kigoma hahitaji kuelezwa kwa nini: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni Kibirizi, na watu waliokuwa wakikesha majini wanapata usiku wa kukaa nchi kavu. Wachezaji wangu wawili ni wavuvi. Wengine ni muuguzi, mwalimu wa sekondari, na kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu pale Mwanga. Mimi ni mwongoza mchezo, na kwa miaka sita kazi hii imenifundisha kuhusu watu kuliko kuhusu dadu.

Kwa aliye mgeni: huu ni mchezo wa kukaa mezani. Kila mchezaji anatunga mhusika wake na kumsemea, mwongoza mchezo anaeleza mahali, hali ya hewa, adui na wapita njia, na dadu inatupwa pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea. Dungeons & Dragons, iliyofungua njia kwa michezo hii, ilitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Sheria za msingi za toleo lake la tano ziko huru kutumiwa na yeyote tangu Januari 2023, na ndizo tunazozitumia, ila mazimwi hatuna. Wahusika wetu ni msafara wa karne ya 19 unaotoka Tabora kwenda Ujiji, na mizigo ya merikani, kaniki na shanga. Dadu ya pande 20 haipatikani kirahisi huku, kwa hiyo tumekata vipande 20 vya kadibodi, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kikombe. Unachukua kimoja, unasoma, unakirudisha.

Hakuna mshindi katika mchezo huu. Msafara unafika pamoja au unakwama pamoja, na ndiyo sababu mtu mmoja akiamua kuvuta upande wake, wote mezani wanaumia.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ghafla tukawa na nafasi ya kucheza kila wiki. Nilifurahi. Sikufikiria kwamba wawili kati ya wachezaji wangu walikuwa wanakuja mezani bila kipato, na kwamba mtu haachi mawazo yake mlangoni pamoja na ndala.

Msafara ulikuwa umefika mto Malagarasi. Zama zile misafara ililipa hongo kwa watawala wa Uvinza ili ivushwe, nami nililiweka hilo mchezoni. Wachezaji wakapanga vizuri nani azungumze na watatoa mikono mingapi ya nguo. Walipofungua mzigo, nguo hazikuwamo. Mmoja wa wale wavuvi, ambaye mhusika wake ni mpagazi, akasema aliziiba usiku akazificha ili aje kuziuza Ujiji peke yake.

Muuguzi alikuwa ametoka zamu. Alimtazama akamwuliza, "Kaka, kwa nini?"

"Mhusika wangu ndivyo alivyo. Ni mwizi."

Kila aliyewahi kuongoza meza ameshasikia kauli hiyo. Muuguzi alifunga daftari lake. Nami nikafanya kosa ambalo hadi leo najutia: niliusukuma msafara mtoni bila hongo, nikaleta kiboko akapindua mtumbwi, na yule kiboko nikamwelekeza kwa mpagazi tu. Hakumgusa mwingine. Mvuvi alielewa mara moja. Aliweka karatasi ya mhusika wake mezani, akaaga kwa heshima, akaenda. Wiki tatu hatukumwona.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa maana waongozaji wengi wanashauriwa kufanya nilichofanya mimi. Mchezaji akivuruga, mhusika wake apigwe, afungwe gerezani, anyang'anywe vitu. Huo ni ushauri mbaya. Mtu aliyekosea ni mchezaji, lakini unayempiga ni mhusika, na mchezaji hana pa kujibu ila ndani ya mchezo huohuo, kwa hiyo atajibu humohumo: ataiba tena, atachelewesha, ataharibu mpango wa mwenzake. Na wale waliokuwa upande wako wanajifunza kwamba mwongoza mchezo akikasirika ulimwengu wote unageuka silaha yake. Kuanzia siku hiyo kiboko wa kawaida akitokea watajiuliza wamekukosea nini.

Ugomvi wa watu unazungumzwa na watu, na kikombe cha vipande vya kadibodi kikiwa kimefunikwa.

Nilimfuata Kibirizi. Nilimkuta ameketi kivulini anashona nyavu. Ni mkubwa kwangu kwa umri, nikampa shikamoo, nikakaa, nikauliza habari za nyumbani, za watoto, za ziwa. Habari ya mchezo sikuianza mimi. Kumkosoa mkubwa wako mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na hata mkiwa wawili kuna namna ya kufika. Baada ya muda akasema mwenyewe:

"Mdogo wangu, pale mezani kila mtu ana kazi. Mganga anaponya. Kirongozi anajua njia. Mwalimu anajua lugha zote za huko njiani. Mimi nabeba mzigo. Na huku nako ziwa limefungwa, nakaa bure. Ile siku ya nguo ndiyo siku pekee mliyonisikiliza."

Sikuwa na la kubisha. Vikao vinne mfululizo nilikuwa nimeandaa matatizo ambayo yanatatuliwa na mtu mmoja kwa wakati: mgonjwa, njia panda, mkalimani. Kwa mpagazi sikuandaa hata moja. Wizi ule ulikuwa mlango pekee niliouacha wazi. Nilimwomba radhi kwa kiboko, naye akasema atamwomba radhi dada muuguzi yeye mwenyewe, na alifanya hivyo.

Tangu hapo ninapoandaa kikao sianzi na adui. Ninaanza na mtumbwi wa dagaa. Kuna anayeangalia taa, kuna wanaovuta wavu, kuna wa injini, kuna anayechota maji yanayoingia, na wote wana mgao kwa sababu akikosekana mmoja kazi imelala. Kwa hiyo nachukua karatasi za wahusika wote, nazitandika, na kwa kila tatizo kubwa najiuliza: je, linaweza kumalizwa na mtu mmoja? Kama linaweza, nalivunja. Tulipourudia mto Malagarasi nilifanya hivi: mwenye mtumbwi alitaka hongo, lakini pia mtoto wake alikuwa na homa, mzigo ulikuwa mzito kupita uwezo wa mtumbwi, na maji yalikuwa yanapanda. Mazungumzo, uganga, upakiaji na muda, vyote kwa pamoja. Mpagazi ndiye aliyejua kugawa uzito ili mtumbwi usilale upande, na mchezaji wake alieleza kwa ufundi wa mtu ambaye ameifanya kazi hiyo maisha yake yote. Meza nzima ilikaa kimya ikimsikiliza.

Sheria nazo zinasaidia, ukizitumia. Katika toleo la tano, mwenzako akikusaidia unatupa dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa. Watu wengi hawajui faida yake ni kubwa kiasi gani. Kama unahitaji 11 au zaidi, peke yako una nafasi ya asilimia 50. Ukisaidiwa ni asilimia 75. Ukihitaji 15 au zaidi, unatoka asilimia 30 hadi 51. Niliwaandikia namba hizo ubaoni na kwa mara ya kwanza wakaanza kuitana. Nimeongeza sharti moja letu: anayesaidia lazima aeleze anasaidiaje kwa maneno ya mhusika wake. "Nakusaidia" peke yake haitoshi.

Kuhusu ile kauli ya "ndivyo alivyo", sasa tunaimaliza kabla ya kampeni, yaani hadithi nzima ya vikao vingi, kuanza, katika kikao kisicho na dadu hata moja. Mhusika hakushuka kutoka mbinguni, umemtunga wewe. Ukimtunga mwizi, mtungie pia sababu ya kutowaibia hawa: labda kirongozi aliwahi kumlipia deni, labda mganga alimzika mama yake. Kila mchezaji anafunga uhusiano wa namna hiyo na angalau mwenzake mmoja, na mwenzake anaukubali kwa mdomo wake. Na jambo lolote la mhusika mmoja dhidi ya mwingine, iwe wizi au ngumi, halifiki kwenye dadu mpaka yule anayetendewa aseme sawa. Akisema hapana, halikutokea. Kuna waongozaji wanaoona sheria hii inaua uhuru. Kwangu mimi, uhuru wa mmoja unaomfanya mwingine afunge daftari si uhuru ninaoutaka mezani.

Mambo madogo nayataja haraka. Kiha kinazungumzwa mezani kwetu na ni raha kukisikia, ila muuguzi katokea Mbeya, kwa hiyo mipango ya msafara inapangwa kwa Kiswahili. Anayezungumza sana simkatizi kwa ukali. Namgeukia mkimya na kumwuliza kwa jina la mhusika wake anaona nini. Katikati ya meza tunaweka kizibo cha soda: mtu akikigusa, jambo lile linaachwa bila maelezo. Wazo hilo tumelichukua kwenye kadi ya X, ambayo John Stavropoulos aliitunga kwa ajili ya michezo ya namna hii, na limewahi kutumika mara moja, usiku ambao msiba wa kwenye mchezo ulifanana mno na msiba wa nyumbani kwa mtu.

Nimewahi pia kumwambia mchezaji asirudi. Alikuwa anamdhihaki mwenzake kwa sababu ya kusoma polepole, nikamwonya mara mbili faraghani, hakuacha. Nilikwenda kumwambia uso kwa uso, si kwenye kundi la WhatsApp, na sikuwaeleza wengine zaidi ya kwamba hatakuwepo. Alinichukia. Aliyekuwa anadhihakiwa sasa ndiye anayetusomea barua zote zinazopatikana safarini, kwa sauti, kwa mwendo wake.

Msafara umeshavuka Malagarasi. Wametia kambi Uvinza, na mpagazi ametoa hoja kwamba wanunue chumvi hapo waiuze Ujiji, faida igawiwe sawa. Mganga anapinga, anasema mizigo imetosha. Walibishana hadi saa sita usiku na hawakumaliza, na muuguzi aliondoka akiwa bado anahesabu gharama kwa vidole. Tutaendelea mbalamwezi ijayo.